Kafi la Mbao na Mkanda wa Kifuani

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji tena. Huyu kaka wa mke wangu, muuza vifaa vya michezo, kaleta klabuni makafi ya plastiki. Eti mepesi. Makafi ya mitumbwi ya kayaki ya klabu hii nachonga mimi, tangu paa la banda lilipokuwa bado zima. Mwenyekiti kasema kafi litakaloshinda ndilo litakalotumika, na atakayeshindwa atoe vitu vyake bandani. Vitu gani? Shemeji hana hata msumari mle. Meza ni yangu, randa ni yangu. Haya.

Jumatano, 5 Machi
Kocha kaeleza jaribio. Mtu mmoja apige kafi hili hadi kwenye boya na kurudi, apumzike, kisha apige lile kwa mwendo uleule. Litakalomchosha kidogo ndilo bora. Nikajitolea kabla mtu hajafungua mdomo. Shemeji akasema hewala, ananiamini. Mjinga! Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Kwa kafi lake, kuhema na kukunja uso. Kwa langu, mluzi. Mama watoto kauliza kama tumbo linaniuma.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Kocha hatazami uso. Ana mkanda, unafungwa kifuani, unahesabu mapigo ya moyo. Mpango mpya: kabla ya kafi la shemeji nitalizunguka banda mbio mpaka moyo utake kutoka.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekimbia. Kocha akaniketisha mpaka moyo ukatulia. Nikaanza na la shemeji. Njia nzima nikawaza atakavyobeba plastiki zake kwa aibu, nikaburudika, hata kuhema nikasahau. Nikapumzika, halafu langu. Shemeji akasogea ukingoni, akaniambia kwa upole nisijali, nikishindwa atanipa kazi ya kuyafuta makafi yake, sisi ni ndugu. Mbele za watu! Nilifika kwenye boya bado namjibu peke yangu.

Kocha akasoma: moyo ulienda mbio zaidi kwa kafi la mbao. Nikamwambia ile ilikuwa hasira, si kafi. Akasema mkanda hauandiki sababu. Nilitaka kulia. Kafi langu ni bora, mikono yangu inajua.

Jumapili, 9 Machi
Meza ya kuchongea iko sebuleni, kabati halifunguki. Mama watoto kasema hasira hasara. Dada wa mtu huyo, angesema nini kingine? Nimemwangukia kocha, kakubali turudie. Kanishauri safari hii apige mtu mwingine, asiye na ugomvi na yeyote. Mwingine! Nani anayajua makafi kama mimi? Nimekataa katakata.

Kaniazima mkanda nijizoeze utulivu. Nimebandika picha ya shemeji ukutani, nimekaa naitazama. Mapigo yanapanda tu. Mkanda wenyewe mbovu. Bila shaka kauuza yeye.