Bunduki Isiyojua Kulia

Bonde la Larkin,
Montana.

Ndugu Mhariri wa Jarida la Klabu ya Shabaha,

YAH: BUNDUKI YA MUME WANGU

Kwa heshima na taadhima naomba nafasi katika jarida lako niwatangazie wana-bonde wote kwamba bunduki ya mume wangu, Verlyn Tollefsrud, Jumanne iliyopita ilitimiza miaka mitano tangu ianze kuundwa, na kwamba haijawahi kupiga hata kopo. Sherehe haikuwapo. Keki nilioka, tukaila.

Bunduki hiyo ni ya binti yetu Marit. Alipotimiza miaka kumi na miwili na kuruhusiwa kuwinda, baba yake alimsimamisha jikoni, akampima mkono kutoka kiwiko hadi kidole, akachonga kitako cha mti wa jozi kwa kipimo hicho. Akamwahidi kwamba elki wake wa kwanza, yule kulungu mkubwa wa milima yetu, ataangushwa na bunduki iliyokatwa kwa mwili wake. Sasa Marit ana miaka kumi na saba. Mwakani anakwenda kujiunga na walinzi wa pwani, na msimu wa elki unafungwa Jumapili hii. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mtutu. Klabu yenu ilimfundisha mume wangu kwamba mtutu wa dukani ni wa watu wasiojipenda, naye akaagiza wake kwa fundi wa mbali, tukaungoja kama mgeni wa harusi. Ulipofika aliusimamisha kando ya jiko la kuni. Mchungaji alipokuja kumwombea mama yangu, aliombwa kwanza auchungulie ndani. "Mifereji yake inazunguka mara moja kila inchi nane, mchungaji!" Mimi nikimwomba Verlyn azunguke nyuma ya nyumba alete kuni, hazunguki.

2. Kifyatulio. Cha kwanza kilikuwa kizito, cha pili kikakwaruza, na cha tatu, kwa maelezo yake, ukikifikiria tu kinaachia. Tangu hapo ninakatazwa kufunga mlango kwa kishindo. Ndugu Mhariri, bunduki yenyewe wakati huo ilikuwa vipande vipande juu ya cherehani yangu.

3. Darubini. Kwa kuwa haina bunduki ya kukalia, hutumika dirishani. Kwa msaada wake tumegundua kwamba jirani yetu Orrin Skaar humpa mbwa wake pai ninazompelekea. Nilipanda kigoda nikathibitisha mwenyewe. Sikuhitaji kujua.

4. Hili ndilo lililonifikisha kwako. Wajuzi wa kazi hii wanasema chuma hakikai tu juu ya mti, lazima kilalishwe. Unamimina gundi nzito ndani ya kitako, unakilaza chuma humo, na gundi ikikauka inashika umbo lake, basi hakitikisiki tena. Mume wangu, ambaye tangu tuoane hajatandika kitanda chetu hata siku ya wageni, alikitandikia chuma kile kwa mikono miwili, ulimi nje.

Ila kabla ya kulazwa, chuma hupakwa kitu ili gundi isikishike. Kitu gani? Hapo ndipo vita ilipoanza. Verlyn ni mtu wa nta. Orrin, aliyekuja kusaidia, ni mtu wa kiwi.

"Kiwi ya viatu? Wee Orrin, unailalisha bunduki au unaipeleka kanisani?"

"Na nta yako je, mzee? Unataka ipige risasi au iwake?"

Walibishana mpaka birika la kahawa likakauka, wakapatana, wakacheka, wakakilaza chuma. Asubuhi Verlyn alivuta, akagonga, akaomba dua. Kumbe kila mmoja alidhani mwenzake ameshapaka. Chuma na mti vimekuwa mwili mmoja, na hakuna awezaye kuvitenganisha.

5. Dawa yake, kwa mujibu wa jarida lako mwenyewe, ni baridi: bunduki ilazwe kwenye friza mpaka chuma kisinyae kiachie. Friza letu lilikuwa na nafasi tele. Lina nafasi kwa sababu halina nyama ya elki. Halina nyama kwa sababu hatuna bunduki. Hatuna bunduki kwa sababu imo kwenye friza. Nilimweleza Verlyn mzunguko huo, akaniuliza ni mara moja kila inchi ngapi.

Kwa hiyo naomba klabu ipitishe azimio: mume wangu asiuziwe hata skrubu mpaka Jumapili jioni, darubini akabidhiwe Bi. Skaar, mke wa Orrin, naye atutazame sisi. Na maneno "bado kidogo" yapigwe marufuku bonde zima. Marit alikuwa akimuuliza baba yake kila Jumamosi, "Vipi baba, leo?" Naye hujibu, "Bado kidogo, mwanangu." Jumamosi iliyopita hakuuliza.

Nisalimie wanaklabu, wake zao, na kwa namna ya pekee wale wote wanaokula samaki msimu huu.

Wako katika subira,
Bi. Ardis Tollefsrud

N.B. Barua hii ilichelewa kupelekwa posta. Ijumaa, siku ya pili ya Sikukuu ya Shukrani, Marit alichukua bunduki ya marehemu babu yake, ile ya nyuma ya mlango wa stoo yenye waya kitakoni, akamwambia baba yake, "Twende, utanisomea upepo." Wamerudi na elki. Verlyn aliteremka mlimani na paja zima begani, na hajataja mtutu tangu hapo. Ili nyama ipate mahali, nilitoa ile bunduki nyingine kwenye friza, ikaniponyoka ngazini, ikaachana vipande viwili safi kabisa, chuma huku, mti kule. Jana wameiunga. Marit akaiweka begani: kitako kifupi mno. Akanipa nimshikie akitafuta glavu zake, nami nikaiegemeza begani, basi tu, isinielemee. Azimio lile lisubiri kwanza. Tena muulize Orrin kama kifyatulio cha nne kimefika.

Kitako kinanitosha.