Msiba wa Nguruwe Wanane

Jumatatu, 9 Juni 2025

Fausta ameondoka asubuhi kwenda Lutindi. Mama mkwe kateguka mguu, hawezi hata kuteka maji. Pole yake. Kabla ya kupanda bodaboda, mke wangu kanipeleka bandani, akahesabu watoto wa nguruwe mbele yangu. Wanane. Wameachishwa kunyonya wiki iliyopita tu. Akanihesabisha na mimi. Wanane. Akasema pumba asubuhi, pumba jioni, maji safi, na nisibuni kitu. Nisibuni kitu! Mimi!

Akasema Jumamosi akirudi akakuta saba, anageuza na bodaboda ile ile kwenda kwa mama yake, na safari hiyo hatakuwa anauguza mtu. Akataja tena habari za kware waliokufa mikononi mwangu. Akataja uyoga niliouotesha chini ya kitanda. Sungura hakuwataja kwa sababu dereva alikuwa anapiga honi.

Miaka kumi na tisa ya ndoa, na mwanamke hajasahau kware! Lakini ukweli naogopa. Fausta akipiga kelele, mambo ni salama. Leo alisema polepole.

Basi nimeamua. Hatakuta wanane tu. Atakuta wanane wanono, wenye mashavu. Mchana nimeona video kwenye simu. Mtaalamu mwenye koti jeupe anasema huko Ulaya nguruwe hulishwa mabaki ya viwanda vya pombe kali, na wananenepa ajabu. Akaendelea kusema kwamba lakini kwa watoto wa nguruwe... bando likaisha. Haina neno. La msingi nimelipata.

Jumanne, 10 Juni

Kiwanda hatuna. Tuna Mama Yusta, ng'ambo ya kijito, kwenye nyumba za zamani za kambi ya mkonge. Sitaandika anapika nini, maana gongo ni kosa kisheria na daftari hili linaweza kusomwa na yeyote.

Kanieleza vizuri. Kwanza anaichachusha kwenye pipa mpaka itoe povu. Kisha anaipika, mvuke unapita kwenye bomba, unatoka kitu chenyewe. Machicha yanayobaki chunguni ni majimaji na makali kwa uchachu, anayamwaga kwenye migomba. Akasema nguruwe wakubwa niwape, nichanganye na pumba. Hawa wadogo, bakuli moja kwa wote, tena wasizoee. Nikamwambia mimi nimeangalia video. Akanijazia dumu, akarudi kwenye chungu chake.

Njiani na dumu langu nikakutana na Mzee Sadala, jirani yangu. Yeye Mzigua wa Kwamsisi, mimi Mnyamwezi niliyezaliwa kambini, babu aliletwa kukata mkonge. Kwa hiyo ni mtani wangu. Ana haki ya kunitukana kutwa nzima na mimi sina ruhusa ya kukasirika. Haki hiyo anaitumia yote. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha matusi yakaanza. Akashangaa kwamba Mnyamwezi mpaka leo hajaacha kubeba mizigo. Nikamjibu afadhali kubeba mzigo kuliko kuwa mzigo. Nimempata! Alicheka mpaka akakaa chini.

Jumatano, 11 Juni

Jana bakuli moja. Wamekula, wamelala, wameamka. Salama salimini. Basi leo nimewapa mabakuli sita.

Wanaharisha. Wote wanane. Sitaeleza zaidi. Nimeteka ndoo kumi na moja za maji kuosha banda.

Fausta kapiga simu katikati ya ndoo ya tisa. Nikamwambia wamechangamka sana, hawatulii mahali. Si uongo. Akauliza kwa nini nahema. Nikasema niko kwenye mazoezi ya viungo. Kisha akauliza kama bado ni wanane. Akauliza tena.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepata jibu nikipiga mswaki. Mvuke! Nguvu yote ya kile kitu inapanda na mvuke, inaingia kwenye chupa za walevi. Kinachobaki ni maji machungu tu. Ndiyo maana wameharisha! Dawa yake ni kuchukua mzigo kabla haujapikwa, na nguvu zake zote. Hata yule wa koti jeupe sidhani kama aliliwaza hili.

Mama Yusta alikuwa ameenda gulioni Handeni. Pipa lipo, limefunikwa majani ya mgomba, linatoa povu lenyewe bila moto. Harufu tamu. Nikachota dumu zima. Sikuiba. Nimeacha papai kubwa juu ya kifuniko.

Saa sita nikajaza tairi la kulishia. Jamani, furaha ile! Walilamba mpaka mpira. Saa saba wanakimbizana. Saa nane wanagonga ukuta, wanarudi nyuma, wanaugonga tena. Mmoja akawa anautafuta mkia wake na hauoni. Saa tisa akaanguka wa kwanza. Kisha wawili. Wa mwisho ni Doa, yule mdogo mwenye baka jichoni, kipenzi cha Fausta. Alikwenda kona, akageuka kama anataka kuniambia kitu, chini.

Wote wanane. Miguu imenyooka, ndimi nje. Nikawatikisa. Nikawamwagia maji. Nikawaita kwa majina aliyowapa Fausta, yale ninayoyakumbuka. Kimya.

Nililia. Naandika wazi, nililia kwa sauti. Nilikuwa naiona ile bodaboda inageuza.

Kisha akili ikarudi. Nizike upesi, niseme wameibwa. Fausta anaweza kumsamehe mwizi. Nikaanza kuchimba chini ya mfenesi, mbali na banda. Shimo lilipofika kiunoni, Sadala huyo! Alisikia kilio. Tena amekuja na koti lake la msibani.

Nikamweleza. Akasema msiba ni msiba, na penye msiba mtani ndiye mwenye shughuli. Nani kamwita? Akasimama barabarani akaanza kuomboleza, akiwatajia wapita njia sifa za marehemu, kwamba wamekufa wakiwa na akili kumzidi baba yao. Nikaenda kuchukua toroli. Narudi, mzee mzima wa miaka sabini kaingia shimoni, kalala chali, mikono kifuani! Akasema shimo bado safi, mnyama hajaingia, na yeye hatoki mpaka apewe jogoo.

Ndiyo mila. Mtani akilala kaburini, mfiwa hutoa kitu ndipo mazishi yaendelee. Kwenye mazishi ya marehemu baba, mzee huyu alilala hivyo hivyo, akaondoka na mbuzi. Lakini kwa nguruwe! Na jogoo ninaye mmoja tu!

Nikatoa yai. Akafumba macho. Nikatoa mayai matatu. Akatoa simu, akaanza kupiga stori na watu humo humo shimoni, kama yuko sebuleni kwake. Nikamshika miguu nimvute, akanikumbusha kwamba mfiwa hagombani na mtani. Nikamwambia maiti wataharibika. Akasema kwa pombe waliyokunywa, hao watakaa mpaka Krismasi. Saa nzima na nusu tumebishana! Jua linashuka. Mwisho nikakubali. Nikamkimbiza jogoo uwanja mzima, nikamkamata, nikampa mkononi akamchinje mwenyewe. Mzee akasimama, akajikung'uta udongo, akanipa pole rasmi.

Hapo ikatoka kwikwi bandani.

Tukatazamana. Ikatoka nyingine.

Sijui niliruka uzio au niliupita katikati. Wawili wamekaa kitako wanautazama ukuta. Mmoja anatapika. Mwingine anajaribu kusimama kwa miguu mitatu. Jua linazama, saba wako wima! Walikuwa wamelewa tu! Na Sadala angekubali yale mayai matatu, ningewafukia wazima. Nikaenda kumkumbatia juu ya uzio. Akasema nisimguse, nanuka nguruwe, na jogoo harudi.

Saba. Doa hajaamka.

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi Doa bado kalala. Anapumua, ila kwa mbali. Nikampigia Iddy, bwana mifugo. Kaja na pikipiki yake na mabuti. Akanusa tairi. Akaniangalia. Akaenda nyuma ya banda, nikamsikia anacheka peke yake, kisha akarudi akiwa mtaalamu. Akasema tumbo la mtoto wa nguruwe halijawa tayari kwa machicha, sembuse pombe yenyewe. Nimweke kivulini, akiamka nimpe maji yenye sukari kidogo. Akaniandikia na karatasi. Neno moja, kwa herufi kubwa: PUMBA.

Nimekaa naye kwenye kivuli cha banda, nimempepea kwa kofia. Nimemwahidi mengi.

Saa tano Doa kafungua jicho, lile lenye baka. Akanikoromea. Akajikongoja mpaka kwenye maji. Nimepiga magoti pale pale bandani, juu ya nini sitaandika. Wanane. Wanane! Nimehesabu mara kumi na nne, na kila mara ni wanane. Asante Mungu. Leo hata ugali wa jana ulikuwa mtamu.

Jumamosi, 14 Juni

Fausta kafika mchana. Hakuingia ndani, kaenda bandani moja kwa moja. Wanane, nimewaogesha. Akawahesabu kwa kidole. Nikaanza kupumua.

Akauliza jogoo yuko wapi. Nikasema mwewe. Akauliza shimo la chini ya mfenesi ni la nini. Nikasema la takataka. Na wakati huo huo nani anapita? Mama Yusta na madumu yake! Wanane wote wakakimbilia mlangoni mwa banda, wakamlilia kama mama yao mzazi. Mama Yusta akasimama, akanirudishia papai langu. Akasema siku nyingine niibe na kuacha lililoiva.

Kwisha habari yangu. Bodaboda bado ilikuwa pale, injini inanguruma. Nikasubiri. Fausta akamwambia dereva aende zake.

Kumbe alijua tangu Alhamisi! Sadala alimpigia kutoka shimoni kumpa pole ya msiba, kisha akapiga tena jioni kuirudisha. Fausta akasema alikuwa ameshaamua kuja kuchukua nguo zake. Kilichombadilisha mawazo ni kwamba Sadala alimwambia nililia. Akasema kware sikuwalilia.

Nikamwambia hata nguruwe sikuwalilia. Nilimlilia yeye. Akageuka upande, akasema twende ndani, nimekonda.

Amri moja tu: nisiguse tena chakula cha mnyama yeyote mwenye miguu. Na lile shimo nilijaze.

Jumapili, 15 Juni

Tumetoka kanisani. Amani tele. Fausta anapika, anaimba. Nimeweka bando nikamalizia ile video. Mtaalamu anasema lakini kwa watoto wa nguruwe, usithubutu. Basi, funzo nimelipata: mtu anunue bando la kutosha.

Ilipoisha ikaja video nyingine yenyewe. Perege! Samaki hana miguu. Halafu yumo majini tayari, akilewa kidogo maji si yako pale pale? Na machicha ya Mama Yusta yanamwagwa bure kwenye migomba. Inauma kuona.

Sadala kapita. Akasema jogoo alikuwa mgumu. Akaona ndoo ya maji mkononi mwangu, akaona naelekea chini ya mfenesi, akauliza mtani akilalia bwawa hupewa nini.

Fausta kauliza kutoka jikoni kama nimeanza kulijaza lile shimo. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, nimeshamwaga ndoo ya saba.