Malalamiko Dhidi ya Mwizi Aliyekataa Kuinama

Kwa Mwalimu wa Karate,
Ukumbi wa juu, nyuma ya duka la magodoro.

Mheshimiwa Mwalimu,

Pokea heshima zangu, mimi kinyozi wa mkabala na kituo cha mafuta, mwanafunzi wako wa mkanda wa njano, yule mnayemwita Mbao kwa sababu ule ubao wa mtihani umekataa kunivunjikia. Juzi, mchana kweupe, nikitoka sokoni na mke wangu, tulivamiwa na mwizi, na karate uliyonifundisha kwa ajili ya kujilinda haikunilinda. Sikulaumu wewe. Namlaumu mwizi, ila anwani yake sina, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwizi hana subira. Alishika mkoba wa mke wangu, mke wangu naye akaung'ang'ania. Mimi nikaanza kuvua viatu, maana ukumbini hakuna anayepigana na viatu. Kamba moja ilikuwa na fundo. Mke wangu aliniuliza nafanya nini, na sikumjibu kwa sababu mazoezini hatuongei. Nilivipanga viatu vizuri kando ya ukuta.

2. Hakuinama. Mimi nilibana miguu, mikono mapajani, nikainama mgongo umenyooka kama unavyotaka. Nilipoinuka, mkoba ulikuwa umeshabadilisha mwenyewe. Huo ni utovu wa adabu.

3. Alitumia mkono wa kushoto. Ukumbini mshambuliaji husema yuko tayari, hurusha ngumi ya kulia, kisha huuacha mkono hapohapo hewani mpaka nimalize kukinga, kupiga na kuangusha. Huyu alinisukuma kwa kushoto na kuondoka na mkono wake. Mimi ningekinga nini? Hata hivyo nilikinga, nikapiga, nikaangusha, peke yangu. Muuza vitunguu anasema ilipendeza.

4. Nilipiga ule ukelele wa kutoka tumboni. Mama wa duka la dawa akaniletea maji na kuniuliza panauma wapi.

5. Wakati nakunywa maji, mwizi alirudi kuchukua viatu.

Mwalimu, hayo yote ningeyameza. Kinachoniumiza ni nyumbani. Mke wangu hajakasirika, afadhali angekasirika. Amekuwa mpole. Leo, siku ya soko, ameniambia, "Wewe baki upumzike, baba watoto. Nitaenda na mama." Nipumzike! Huyo mama ni mama mkwe wangu, magoti yanamsumbua, na mkanda pekee aliowahi kuvaa ni ule wa daktari, wa mgongo. Tangu tuoane mimi ndiye mbeba kapu. Nyumbani watoto hawatupi nafasi, kwa hiyo njia ya sokoni ndiyo pekee ninapoongea na mke wangu mpaka mwisho wa sentensi. Sasa nimenyang'anywa. Na wateja wangu nao, kabla ya kukaa kwenye kiti, wananiinamia.

Kwa hiyo naomba, kwanza, wezi wote waandikishwe darasa la wanaoanza, wajifunze angalau salamu. Pili, wagawanywe kwa mikanda, mtu wa njano asiibiwe na aliyemzidi. Tatu, kila kona ya barabara itandikwe mkeka na iwekwe kabati la viatu lenye kufuli. Nne, na hili ndilo nakusihi kwa unyenyekevu, mwizi wangu atafutwe, aletwe sokoni, anishambulie upya kwa mkono wa kulia, hata polepole, mke wangu akiwa anatazama.

Nisalimie wenye mikanda myeusi wote, mama anayetufagilia ukumbi, na jirani yenu wa magodoro anayevumilia vishindo vyetu.

Mwanafunzi wako mtiifu,
Mbao, kinyozi.

Nyongeza: Nilikuwa sijafunga bahasha, mke wangu na mama mkwe wakarudi kutoka sokoni. Wamekutana na mwizi yuleyule, safari hii kashika mkoba wa mama mkwe. Mama mkwe hakuvua kitu wala hakupiga kelele. Alimtazama tu akasema, "Wewe si mtoto wa yule mshona mapazia? Mama yako anajua uko hapa?" Mwizi akaachia mkoba, akaanza kulia. Amerudisha vyote, na katika begi lake kumekutwa nguo nyeupe za ukumbi wetu na mkanda wa kahawia, unaouzidi wangu. Ni mwanafunzi wako wa Jumamosi, Mwalimu. Anasema aliponiona nainama alijua kabisa ana muda kiasi gani. Basi naondoa maombi yangu yote, hasa la kuwafundisha wezi. Siku ya soko ijayo nami sitakuja mazoezini. Nakwenda sokoni na mke wangu. Mama mkwe amekubali nibebe kapu, na njiani atanifundisha nani ni mtoto wa nani.