Mashua Ukumbini

Jumatatu, 3 Februari 1969
Posa yangu haijakataliwa! Bi Kidawa, shangazi yake Mwatum, amesema atakuja Ijumaa kuiona nyumba, ndipo atoe jibu. Mwatum! Mjane, mtulivu, na hakuna Jambiani nzima anayesokota kamba za usumba wa nazi kama yeye. Tabu ni binamu yangu Machano, naye kaposa. Ana bati, ana saruji, ana rangi ya mafuta ukutani. Mimi nina kibanda cha marehemu babu. Leo nimekitazama kwa jicho la mtu aliyekaa Mjini. Boriti nyeusi kwa moshi, kuta za mawe na chokaa. Uzuri mtupu! Kinataka kupambwa tu. Nina mafua makali.

Jumanne, 4 Februari
Nimepata mbao! Mashua kuukuu ya mzee Kificho, imelala pwani haina kazi. Nimempa jogoo wangu, naye kanipa mashua. Akauliza mbao nazitakia nini. Nikamwambia za kupamba ukumbi. Akanitazama sana, akasema mashua ile ameipaka mafuta ya papa maisha yake yote, ndiyo maana haikuoza. Nikamshukuru. Basi sitahitaji vanishi.

Jumatano, 5 Februari
Nimezipigilia ukutani. Lo! Kijivu cha chumvi juu, wekundu wa mti chini yake, na alama za tezo la fundi wa zamani bado zinaonekana. Nimekaa nikazitazama mpaka uji ukapoa. Mchana wakaja paka, wakaanza kuramba ukuta. Hata wanyama wanajua kizuri! Machano naye kapita, kafika mlangoni, kashika pua, kaondoka bila kuaga. Wivu huo.

Alhamisi, 6 Februari
Nimefunga madirisha, jua lisipaushe mbao. Ndani joto la tanuri. Mbao zinatoa jasho na kung'aa. Sijapata kuona ukumbi kama huu, hata Mjini.

Ijumaa, 7 Februari
Fedheha! Bi Kidawa kaja na Mwatum baada ya sala. Nilikwishafukiza udi. Bi Kidawa akaingia hatua mbili, akaziba pua kwa kanga, akaniuliza, "Simai, umefuga papa humu?" Nikasema ni udi tu. Akatapika kizingitini. Machano, barazani kwake, alicheka mpaka akakaa chini. Nilitamani ardhi inimeze.

Lakini Mwatum hakutoka! Kanga puani, akapitisha kiganja juu ya mbao, taratibu, kama anayepima kamba. Akasema hajaona ukuta mzuri kama huu. Akaniambia nizibandue, nizisugue kwa majivu na ndimu, nizianike mpaka Idi ipite, watakuja tena. Kwa Machano wametoka asubuhi. Joto la bati limemuumiza kichwa Mwatum, hataki kuishi ndani ya sufuria. Nampenda. Nampenda mno.

Jumamosi, 1 Machi
Pua imezibuka zamani. Nimesugua mpaka vidole vikachubuka, na mbao zimerudi ukutani zikinukia ndimu. Bi Kidawa anakuja kesho. Amesema hii ndiyo mara ya mwisho. Asiporidhika, Mwatum ataozwa kwa Machano, apende asipende.

Ukuta sina wasiwasi nao. Sakafu ndiyo iliyokuwa tupu. Nikatoka kutafuta, na tazama riziki: watu wamechinja Idi, ngozi zimezagaa kila ua! Nimeomba tatu za ng'ombe, mbichi, na manyoya yake. Moja nyeupe yenye madoa mekundu, subhanallah, zulia gani la dukani litaishinda? Silima mchinjaji kaniambia nizitie chumvi kwanza, nizianike siku nyingi. Nikamjibu kuwa rangi itapauka. Nimezitandika ukumbini leo leo, nimefunga madirisha yote. Nzi wamekwishaingia wachache. Kuna kaharufu kadogo hivi, ka nyama nyama. Kufika kesho katakuwa kametoka.