Simbilisi Mwenye Kimo cha Sungura

Jumamosi, 5 Aprili 2025
Mkutano wa jumuiya yetu ya watu wa Kivu hapa Brussels. Hilaire atagombea tena urais. Mwaka wa tisa! Hana alichofanya ila kushika maikrofoni na kukohoa ndani yake. Nikasimama, nikatangaza kwamba na mimi nagombea. Akaniuliza nina programu gani. Sikuwa nayo. Mdomo ukatangulia: siku ya kura, tarehe 4 Mei, nitaleta mnyama mpya. Simbilisi, yule tunayemwita dende kule Bukavu, lakini mwenye kimo cha sungura. Nyama kwa kila familia! Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Nilipenda sana kutazamwa vile.

Jumatatu, 7 Aprili
Nimenunua simbilisi jike. Mnene, mwenye afya. Muuzaji akauliza mtoto wangu ana miaka mingapi. Hamsini na miwili, nikamjibu. Simbilisi nimemweka bafuni kwetu, mtaa wa Forest. Marie-Claire, mke wangu, ametazama, akasema: "Bon. Miye ntaogeya ku kazi." Anafanya kazi hospitalini, mtaa wa Jette. Tatizo limekwisha.

Jumamosi, 12 Aprili
Bahati! Maman Lutgarde, Mbelgiji aliyefundisha biolojia Bukavu miaka ishirini na miwili, anakwenda baharini kwa Pasaka. Ana sungura dume wa jamii ile kubwa ya Flandria, kaskazini mwa Ubelgiji, jina lake Wout, kilo nane. Nikajitolea kumtunza. Sikueleza zaidi. Akaniuliza, kwa Kiswahili kizuri kuliko cha wanangu, tangu lini napenda wanyama. Tangu utotoni, nikasema. Si uongo. Nilikuwa nawapenda sana, na ndizi pembeni.

Jumanne, 15 Aprili
Nimewakutanisha. Nikawawekea rumba ya taratibu, nikafunga mlango. Staha ni staha. Nilipochungulia, simbilisi alikuwa amemuuma Wout pua, naye amejificha nyuma ya choo. Kilo nane! Nikamwambia ajikaze, Kivu nzima inamtazama. Akala taulo.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka
Tumbo la simbilisi linaonekana! Siku tano tu! Hiyo ndiyo nguvu ya Flandria. Nimempigia Hilaire kumtakia sikukuu njema, kisha nikamshauri ajitoe mapema kwa heshima. Akaniambia: "Papa Bienaimé, fanya repos kidogo." Eti nipumzike! Anaogopa.

Alhamisi, 1 Mei
Watatu! Wamezaliwa na manyoya, macho wazi, wanakimbia. Watoto wa sungura huzaliwa uchi, macho yamefumbwa. Basi hawa ni viumbe wapya kabisa! Marie-Claire, aliyefuga dende utotoni, anasema dende wote huzaliwa hivyo. Wivu. Nimewapima masikio kwa rula. Bado mafupi, lakini yana nia.

Jumapili, 4 Mei
Siku mbaya. Niliingia ukumbini na kikapu kilichofunikwa kitenge, nikatoa hotuba ya dakika arobaini juu ya ndoa ya simbilisi na Wout, nikafunua. Mama mmoja wa mstari wa mbele akasema kwa sauti: "Lakini ile ni dende tu!" Nikawaomba watazame masikio. Wakatazama. Hilaire, nyoka yule, akampa maikrofoni Maman Lutgarde.

Akasimama kwa upole. Upole ndio uliniumiza. Akaeleza kwamba dende hubeba mimba zaidi ya miezi miwili, kwa hiyo wangu alitoka nayo dukani. Kwamba dende na sungura hawawezi kuzaa pamoja hata wakifungiwa miaka kumi. Halafu akaongeza, akiniomba radhi, kwamba Wout alihasiwa zamani.

Walicheka mpaka viti vikaanguka. Hilaire akasoma matokeo, akakohoa kwanza: "Quarante et un contre deux." Arobaini na moja kwake, mbili kwangu. Moja niliipiga mwenyewe. Nyingine sijui ni ya nani. Marie-Claire ameapa si yake. Nimeona aibu ya kweli, sifichi.

Jumatano, 7 Mei
Nimetafakari siku tatu. Kosa nimeliona: nilitumia wanyama. Mnyama ana kiburi chake, lakini mmea haukatai kitu. Leo nimepita Flagey sokoni nikanunua shikoni, ile mboga yao nyeupe chungu inayokuzwa gizani. Nimeifunga kwa uzi mwekundu pamoja na shina la lengalenga, mchicha wa kwetu, nikazifunika kwa ndoo. Bafu sasa ni shamba. Simbilisi wote wanne wamehamia kitandani, upande wa Marie-Claire, ambaye yuko kwa dada yake kwa muda.

Hilaire asidhani yamekwisha. Uchaguzi upo tena mwakani. Nimeshaandika kwenye grupu la jumuiya: ifikapo Krismasi, mboga moja tu, majani ya Kivu, mzizi wa Ubelgiji, inaota hata chini ya kitanda. Maman Lutgarde amejibu papo hapo kwamba haiwezekani kabisa. Hivyo hivyo alisema juu ya simbilisi, na watatu hawa hapa, wanakula shuka.