Masanduku Nane Yanatosha

Ambokile aliingia saluni kwa Marie-Jeanne kuchaji simu tu. Laiti simu hiyo ingekuwa na moto siku ile, mtaa wa Albert Park, Durban, ungekosa kisa hiki, na yeye angekuwa bado na kazi.

Alikuwa mtu wa Mbeya, mrefu, mwenye meno mazuri na koti la bluu la kushereheshea harusi. Maishani alikuwa na imani mbili. Ya kwanza, kila binadamu ana tundu la kupenyea, kazi ni kulitafuta. Ya pili, Kiswahili kilizaliwa Tanzania kikiwa na afya njema, kikaja kuugua njiani kuelekea Kongo.

Mlangoni palibandikwa tangazo: Jumamosi ya Wiki ya Urithi, kila jamii ya jiji inaalikwa ukumbi wa kanisa kuonyesha historia yake. Warundi walikuwa wameshasema wataleta ngoma. Wakongomani walikuwa bado wanabishana.

"Sisi tutaonyesha nini?" aliuliza Deborah, kichwa kimejaa rola. "Tulikuja na miguu na watoto. Tuonyeshe miguu?"

"Yako hapana," alisema Marie-Jeanne. "Watu watakimbia. Tutaonyesha vikwembe."

Saluni nzima ikaitikia kwa heshima. Kikwembe ni kile wengine wanachokiita kitenge, lakini hapa hazikuzungumzwa zile nguo za kufungia mkaa. Hapa ilizungumzwa waksi halisi ya Uholanzi, ya mahari, ya mama kwenda kwa binti, nguo isiyovaliwa hata siku ya Krismasi. Wanawake wanane wa mtaa ule walikuwa nazo, kila mmoja na valizi yake, sanduku la safari, chini ya kitanda. Vita ilipokuja waliacha kabati, wakaacha nyumba, mmoja aliacha mume na hajarudi kumchukua. Valizi walibeba.

Ambokile alichomoa simu ikiwa na asilimia tisa. Kule Queensburgh alimfahamu mama mmoja mwenye karakana ya mito ya makochi, aliyekuwa akililia waksi za zamani kwa ajili ya mahoteli. Alikuwa tayari kununua hata hamsini kwa mpigo, bila kuuliza zimetoka wapi. Watu wasiouliza ndio Ambokile aliowapenda kuliko ndugu zake.

"Mama zangu," alisema, akasimama kama mtu aliyeitwa na taifa. "Mnajua kwamba historia isiyopigwa picha ni uvumi?"

Walikuwa hawajui.

Basi akawajulisha. Alikuwa, kumbe, mwakilishi wa Baraza la Kumbukumbu za Waswahili Ughaibuni, baraza lililoundwa dakika ile ile kati ya soketi na kioo. Baraza lingezichukua valizi Ijumaa mchana, lizipeleke Queensburgh kwenye kamera kubwa, na kuzirudisha Jumamosi asubuhi. Picha zingechapwa kitabuni. Kila mama na jina lake. Kitabu kingepelekwa Brussels.

Neno Brussels likafanya kazi yake. Deborah alivua rola mbili kwa mshtuko.

"Na mama Odette atakuwa ndani ya kitabu?" aliuliza, akimtaja mshindani wake wa mtaani.

"Akileta valizi, ndiyo."

"Basi mimi niwe ukurasa wa mbele yake."

Marie-Jeanne peke yake hakupiga makofi. Alimvuta Ambokile hadi kwenye kiti cha kuoshea nywele. "Kaka Ambo, kila kikwembe iko na jina. Iko moja ya mama yangu inaitwa Shemeji Usichungulie. Ile ya Deborah inaitwa Koma Kunihesabia Watoto. Uandike."

"Majina baadaye, mama. Kwanza idadi."

"Ah. Idadi." Alimtazama kidogo. "Sawa. Lakini kwetu mtu hakamati vikwembe vya wanawake mikono mitupu. Lazima uache gage."

Rahani, yaani dhamana, ndiyo aliyotaka kusema Marie-Jeanne. Ambokile alitabasamu kwa huruma ya msomi. "Nitaacha spika zangu mbili, mama. Zile kubwa za harusi. Ndizo ugali wangu."

Zilikuwa kweli ugali wake. Lakini mzigo wa waksi ungemnunulia spika nyingine sita, na ugali wa mji mwingine. Wakaandikiana mbele ya mashahidi: arudishe valizi nane, achukue spika mbili. Marie-Jeanne alisaini kwa penseli ya nyusi.

Gari lilikuwa la Jeancy, mpwa wa Marie-Jeanne, kijana mnyamavu wa Uvira mwenye kofia na vani jeupe lisilo na madirisha nyuma. Ambokile alimpenda upesi, kwa sababu alijibu kila kitu "sharp, kaka", yaani sawa, na alionekana mjinga wa kutosha kuendesha gari bila kufikiri.

Ijumaa saa nane mchana, ukumbi wa kanisa ulijaa watu. Mbele ya macho yote Ambokile na Jeancy walibeba valizi hadi nje, moja baada ya nyingine, akina mama wakizipungia mkono kama watoto wanaokwenda shule ya bweni. Deborah alilia. Mama Odette alilia zaidi, ili amshinde.

Ya nane ilipoingia garini, Ambokile alifuta jasho. Ndani walikuwa wanamwita jukwaani akatoe hotuba.

"Yanatosha," alimwambia Jeancy.

Jeancy alikuna kichwa. Kwao Uvira kutosha kitu ni kukitoa kilipo. "Nizitoshe, kaka?"

"Yanatosha, ndiyo."

"Zote? Nitoshe zote?"

Ambokile alifumba macho kwa uchungu. Kuna watu wanaoumwa na jino. Yeye aliumwa na ngeli. "Masanduku, Jeancy. Ma-sanduku. Si zote, ni yote. Yanatosha yote! Halafu funga mlango, uwashe gari. Sarufi yenu itaniua."

"Sharp, kaka."

Naye akaenda zake jukwaani. Alihutubu robo saa. Alisema jamii isiyo na historia ni kama sufuria isiyo na mfuniko, akaona watu wanaitikia kwa vichwa, akaongeza kwamba yeye ndiye mfuniko. Alishangiliwa. Huko nyuma, mlango wa jikoni ulifunguka na kufungwa mara nane.

Njiani kwenda Queensburgh Ambokile aliimba. Kila waliposimama kwenye robot, taa za barabarani, alimfundisha Jeancy ngeli moja, bure, kwa moyo wa kujitolea. Jeancy aliitikia.

Mwenye karakana aliwasubiri getini, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Ambokile alishika kitasa cha vani, akasema, "Mama, jiandae kuona urithi," akafungua.

Urithi ulikuwa spana moja na kandambili.

Mama wa mito alichungulia, akamtazama Ambokile, akachungulia tena, kwa adabu, pengine mzigo ulikuwa mdogo. Kisha akafunga geti. Komeo lilisikika mtaa mzima.

"Ziko wapi?" Ambokile alibweka. Hasira ilikuwa imempokonya hata ngeli.

"Si ulisema nizitoshe? Nilitosha."

"Kutosha ni kufikia kiasi! Kiasi! Mpumbavu wewe, hujui hata lugha unayoisema!"

Jeancy alivua kofia, na uso uliotokea chini yake ulikuwa na umri zaidi na usingizi pungufu kuliko ule wa kwanza. Alipofungua kinywa, Kiswahili kilitoka kimenyooka kama shati la mwalimu mkuu.

"Kutosha, kaka, kwa maana uliyoikusudia, ni kitenzi nilichokifundisha Kasulu, kwenu Tanzania, kwa miaka sita. Kidato cha tatu. Nilikuuliza mara mbili ili nikupe nafasi ya kujirekebisha. Hukusikia neno, ulisikia kosa tu." Akavaa kofia. "Shangazi alikushuku tangu ulipokataa majina. Alisema mtu wa historia anayetaka idadi ni mtu wa kuuza. Eish, nitachelewa."

Vani likaondoka. Ambokile alitembea, akapanda taxi, akashushwa sipo, akatembea tena.

Jumamosi saa nne asubuhi aliingia ukumbini, koti limekunjamana, na kusimama katikati. Kuta zote zilikuwa vikwembe. Vilishuka kutoka darini hadi sakafuni, vyekundu, vya njano, vya bluu ya wino, na chini ya kila kimoja kikaratasi chenye jina la kikwembe, jina la mwenyewe, na njia kiliyopita: Uvira, Kigoma, Mbeya, Lilongwe, Tete, Durban. Watu walisoma polepole, midomo ikicheza. Mzee mmoja alikuwa ameegemea ukuta na kulia bila kujificha.

Ambokile hakusoma. Alikwenda moja kwa moja kwa Marie-Jeanne, aliyekuwa akipokea wageni wa manispaa, mkufu wa dhahabu shingoni.

"Mama, yameisha. Nipe spika zangu niondoke."

"Karibu, kaka Ambo. Leta valizi nane, utakamata gage yako."

"Lakini nguo zenyewe si hizi hapa ukutani?"

Marie-Jeanne aligeuka akaziangalia kuta, kwa mshangao, kama mtu anayeona nguo mara ya kwanza.

"Hizi? Hizi ni zingine," alisema. "Zetu ulikamata wewe jana. Watu mia mbili waliona ukizibeba, Deborah akalia. Iko mtu mmoja aliona zikirudi?"

Ambokile alitazama huku na huku. Akina mama wanane walikuwa wamekaa mstari wa mbele, mikono mapajani, nyuso za misa ya kwanza. Hakuna aliyeona.

"Kwa hiyo tunakungojea," alisema Marie-Jeanne kwa upole, akimshika bega kumwelekeza mlangoni. "Ukichelewa sana, tutaita polisi wakusaidie kutafuta."