Akidi ya Tezi Dume

Kwa heshima na taadhima, umma unatangaziwa kwamba Kamati Kuu ya Kulinganisha Namna za Kupiga Picha Tezi Dume imefikia uamuzi. Mnaosema ilichelewa mnakosea. Kamati haikuchelewa, ilikuwa inajiridhisha. Mimi ndiye Katibu wake, nilikuwepo tangu siku ya kwanza, na maneno ya mitaani kwamba tulikuwa tunakunywa chai tu nayakanusha hapa hapa. Tulikunywa na maji.

Nieleze tangu mwanzo, maana najua kuna watu watakuja kudandia sifa. Hospitali kuu ilipata mashine ya MRI, ile yenye tundu ambalo unaingizwa umelala chali, halafu inakugongea gongo gongo huku inapiga picha za ndani ya mwili. Daktari wa Picha, mama mmoja mwembamba asiyejua kuzungusha maneno, akatuambia kwamba saratani ya tezi dume inaweza kutafutwa mle kwa namna mbili. Namna fupi: unalala, unapigwa picha, unaamka, unakwenda zako. Namna ndefu: unalala, unapigwa picha, unachomwa sindano ya dawa ya kung'arisha picha, unapigwa nyingine. Fupi inahudumia watu wengi kwa siku. Ndefu huenda ikaona kilichokosekana kwenye fupi, au huenda isione chochote cha zaidi. Yeye alitaka wanaume wapimwe kwa zote mbili, majibu yalinganishwe, basi.

Eti basi! Wataalamu hawa nao. Wanadhani jambo zito linaishia kwenye basi.

Mheshimiwa Mwenyekiti alilitazama suala hilo kwa jicho la uongozi. Akaelekeza kwamba mgonjwa yeyote asiingizwe kwenye mashine mpaka kamati iamue namna ipi ni bora.

"Lakini Mheshimiwa," Daktari akasema, "hatuwezi kujua ipi ni bora bila kuwaingiza wagonjwa."

"Ndiyo maana kuna kamati," Mwenyekiti akamjibu, na sisi wajumbe tukapiga meza kwa furaha.

Mashine ikafunikwa shuka, mlango ukafungwa, kazi ikaanza. Kamati Ndogo ya Kelele ilikwenda kusimama mbele ya mashine na kuripoti kwamba, ikiwa haipigi picha, namna zote mbili hazina kelele. Kamati Ndogo ya Staha ikajadili kama mwanaume mwenye cheo anaweza kulala chali mbele ya mwanamke asiye mkewe na akaamka bado ana cheo. Hiyo iligawanyika, na wajumbe wawili mpaka leo hawasalimiani.

Sasa niseme juu ya Kanuni ya Akidi, ambayo niliiandika mimi mwenyewe na sioni aibu kujisifu. Kanuni inasema Mwenyekiti ndiye akidi. Akiwa chumbani, kikao kiko hai. Akitoka, kikao kimekufa. Akirudi, kikao kinazaliwa upya: tunasimama, tunajitambulisha mmoja mmoja, tunasoma hadidu za rejea zote, ndipo tunaingia ajenda ya kwanza. Kanuni nzuri kama hiyo hata nchi kubwa hazina.

Ila Mheshimiwa alikuwa na mashauriano mengi ya nje. Tukishajitambulisha, tukifika katikati ya hadidu za rejea, utamwona anabana magoti, anakunja uso kizalendo, kisha anasema, "Samahanini, nina mashauriano ya dharura," na huyo, mbio. Tunabaki kimya, kikao kikiwa marehemu, tunausikia mlango wa mwisho kabisa wa korido ukifungwa. Baadaye anarudi anajifuta mikono. Tunasimama. Tunajitambulisha. Mimi nimejitambulisha kwa Mjumbe wa Staha mara nyingi kuliko nilivyowahi kujitambulisha kwa wakwe zangu.

Siku moja Daktari akamkazia macho Mwenyekiti aliporudi.

"Mheshimiwa, haya mashauriano yanakuamsha na usiku?"

"Sana. Uongozi hauna usingizi."

"Yanakuja kwa nguvu, au kwa kudondoka dondoka?"

"Siku hizi yanadondoka," Mwenyekiti akakiri. "Na hata nikimaliza, nahisi kama bado."

"Ungepimwa, Mheshimiwa."

"Nipimwe nini? Mimi mzima kama chuma! Katibu, tuendelee." Kisha akabana magoti, akatoka.

Kwa hiyo kuna ajenda ya pili ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuifikia. Ilikuwa inasema: Uamuzi.

Nyumbani nako kulikuwa na maneno. Kaka wa mke wangu ni fundi cherehani. Suti zote mnazoniona nazo ni kazi ya mikono yake, na hata ukinichukia utakubali kwamba mabega yanakaa. Fundi alipima damu, kipimo cha tezi dume kikatoka juu, akaambiwa aende kwenye picha. Akaenda, akakuta mlango umefungwa kwa maelekezo ya kamati. Tangu hapo akawa anakwenda kila siku ya kliniki kukaa kwenye benchi la nje pamoja na wanaume wenzake, wakiutazama ule mlango. Marehemu baba yao, mkwe wangu, aliondoka kwa ugonjwa huo huo, na wake ulionekana mwisho kabisa, wakati hakuna tena cha kufanya.

Jioni moja Fundi alikuja kunipima suruali. Akapiga magoti na futi yake mdomoni, akapima urefu, akapima kiuno, halafu akabaki pale chini bila kuinuka.

"Shemeji," akasema, "mimi naogopa."

"Usiogope. Suala lako liko mezani."

"Liko mezani tangu lini?"

"Tangu tulipoanza. Halijashuka hata siku moja."

Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Akaitupa ile aliyokuwa nayo.

"Baba watoto, nisikilize vizuri. Kaka yangu akifa kwa sababu nyinyi mnajitambulisha, msibani usikanyage. Utajitambulisha huko huko barabarani."

Nilitafuta kanuni ya kumjibu, nikaikosa. Usingizi nao nikaukosa. Sikupenda kabisa hali hiyo, maana mimi si mtu wa huruma, mimi ni mtu wa taratibu, na sasa moyo ulikuwa unanienda mbio kama wa mtu asiye na taratibu yoyote.

Kikao kilichofuata, kabla magoti hayajabanwa, Daktari akaomba kamati itembelee mashine na kumwona mtu akiwa ndani. Niliunga mkono haraka mpaka nikajishangaa. Waandishi wa habari wangealikwa. Swali likawa nani alale. Mjumbe wa Kelele akasema hastahili heshima hiyo. Mjumbe wa Staha akasema hastahili zaidi. Macho yote yakamgeukia mkubwa wetu.

"Maelekezo yangu yanakataza mgonjwa kuingizwa," Mwenyekiti akasema.

"Yanakataza mgonjwa," Daktari akakubali. "Mheshimiwa ni mgonjwa?"

"Mimi? Nimeshasema ni chuma!"

"Basi hakuna kizuizi."

"Na picha yako itatoka ukurasa wa mbele," nikaongeza. Hapo akakubali kwa faida ya umma.

Siku ikafika. Mheshimiwa alitaka kuingia na suti, beji, saa na kalamu mbili za kusainia. Daktari akamvua chuma kimoja kimoja kwa upole, akamwambia sumaku ya mle ndani haitambui vyeo. Akapewa gauni la hospitali, lile linalofungwa mgongoni kwa kamba na halifungiki. Waandishi wakaombwa wasubiri nje. Akashauriana, akarudi. Akashauriana tena. Mwishowe akalala, akawekewa viziba masikio vyenye spika, akapewa mpira mdogo mkononi.

"Usitikisike, Mheshimiwa, na usiongee," Daktari akamwambia. "Ukizidiwa, bonyeza huo mpira tutakutoa. Lakini ukitikisika picha zinaharibika."

Kitanda kikamwingiza. Sisi tukasimama nyuma ya kioo. Mashine ikaanza gongo gongo, na miguu ya Mwenyekiti wetu ikabaki imechungulia nje, na soksi za bluu. Nikageuka. Kupitia mlango wa korido uliokuwa wazi nikamwona Fundi kwenye benchi, kofia magotini, anatazama sakafu. Na hapo hapo, wananchi wenzangu, kanuni yangu ikanijia kichwani yote kwa mara moja.

Mwenyekiti yumo. Mwenyekiti hatoki.

"Waheshimiwa," nikasema, "akidi imetimia."

"Lakini kuna kioo katikati," Mjumbe wa Kelele akanong'ona.

Mjumbe wa Staha akafikiri. "Kioo si ukuta," akaamua.

Kusimama tulikuwa tumeshasimama. Tukajitambulisha kama watu wanaofukuzwa. Nikasoma hadidu za rejea kwa pumzi moja. Ajenda ya kwanza ikapita. Na mbele yetu, kwa mara ya kwanza katika historia, ikawa ajenda ya pili! Mjumbe wa Kelele alitokwa na machozi. Daktari akatoa hoja: mashine ifunguliwe leo, wagonjwa wapimwe kwa namna zote mbili, majibu yalinganishwe, na waanze walioko kwenye benchi kwa kufuata foleni yao.

"Wanaoafiki?"

"Ndiyo!"

"Wasioafiki?"

Gongo gongo gongo.

"Mwenyekiti yupo na hajapinga," nikatamka. "Imepita."

Nilikuwa nimesahau kwamba Daktari hakuzima kipaza sauti kinachoingia kwenye masikio ya anayepimwa. Soksi za bluu zikaanza kurusha mateke. Mpira ukabonyezwa mpaka kengele ikapiga mayowe. Akatolewa, kajaa jasho, kashikilia gauni kwa nyuma.

"Napinga! Napinga vikali!"

"Umetikisika, Mheshimiwa," Daktari akasema, anatazama kioo cha kompyuta. "Hizi picha hazifai. Na kuna sehemu ningependa kuiona vizuri. Nasema kweli, usiondoke bila kupimwa tena."

Uso wa Mwenyekiti ukabadilika. Chuma chote kikamtoka.

"Sehemu gani?"

"Sijui bado. Ndiyo maana nataka kuiona."

"Basi nirudishe sasa hivi!"

Daktari akanitazama mimi. Mwenyekiti naye akanitazama mimi. Nikakohoa.

"Mheshimiwa, uamuzi uliopita kwenye akidi halali hautenguliwi. Wanaanza walioko kwenye benchi. Nyuma yao kuna nafasi."

Nilifurahi. Naomba nisamehewe, lakini nilifurahi.

Fundi aliitwa wa kwanza. Alipimwa kwa fupi, akachomwa sindano, akapimwa kwa ndefu, na muda wote hakutikisa hata ukucha. Alipotoka, Daktari akatuita pembeni mimi na yeye. Akasema kuna kidoa, kidogo, bado kimo ndani ya tezi, na kimeonekana kwenye picha za namna zote mbili. Kitachukuliwa kipande kidogo cha nyama kikapimwe, na ikiwa ni saratani, tumeiwahi. Nikamuuliza kama basi namna fupi inatosha, tukafunge kamati.

"Mtu mmoja hatoshi kuamua," akanijibu. "Niletee benchi zima."

Fundi akanishika mkono, akaukamata kwa nguvu kama mkasi. Nikampigia simu mke wangu. Alilia, kisha akaniambia nirudi nyumbani mapema, jambo ambalo hajaniambia miaka mingi.

Nilipotoka koridoni nilimkuta Mheshimiwa mwisho wa benchi, ndani ya gauni lake, kabana magoti. Alikuwa anatazama mlango wa choo, anatazama foleni, anatazama tena choo. Jasho linamtiririka. Mzee mmoja muuza mkaa aliyekaa kando yake akamsogelea.

"Nenda tu, mzee mwenzangu. Nafasi yako tunakushikia."

"Si hivyo," Mwenyekiti akasema kwa meno yaliyobanwa. "Nina mashauriano ya dharura."

Muuza mkaa akamtazama kwa huruma, akapaza sauti benchi zima lisikie.

"Jamani, mpisheni mzee, anataka kukojoa!"

"Apite, apite," wanaume wote wakaitikia, wakakunja miguu. "Sisi sote hapa ni hivyo hivyo."

Akapita katikati yao mbio, kamba za gauni zikipepea nyuma. Mimi kwa mazoea nilisimama wima, nikasubiri kila kitu kife mpaka arudi. Daktari akafungua mlango, akaita, "Anayefuata!" Mtu akainuka, akaingia, na foleni ikasogea.